Kila Mtu na Cha Juu Chake: Kutoka Singida Kwenda Dar

Jumatano

Basi la alfajiri lilinishusha Dodoma mapema, nikanywa chai ya rangi na chapati mbili huku nikisubiri treni. Tiketi nilikuwa nayo mkononi tangu juzi yake. Kijana wa steshenari pale karibu na stendi ya Singida alinikatia kwa simu yake, akanichapia karatasi, akachukua 2,000 yake juu ya nauli ya 31,000. Ningeweza kukata mwenyewe, lakini mimi na namba za malipo hatujapatana bado.

Nina duka la mashuka, mapazia na mataulo. Miaka yote mzigo naagiza kwa simu: natuma hela Kariakoo, baada ya siku mbili nakwenda stendi kupokea belo lenye jina langu kwa maka peni. Safari hii nikasema, hapana, mwenye hela aende akaone hela yake inapita mikononi mwa nani.

Treni ya umeme haina maelezo mengi, inakwenda tu. Jirani yangu alikuwa mzee wa Manyoni aliyeshuhudia enzi za reli ya kati, ile ya Mjerumani, ulipokuwa ukilala humo humo na kuamka bado uko porini. Juu ya mlango kuna kioo kinachoonyesha mwendo, naye akawa anatutangazia behewa zima: "Mia na hamsini na tatu! Mia na hamsini na nane hiyo!" Tulipoingia kwenye mahandaki ya Kilosa akanyamaza, tulipotoka akaendelea. Milima ya Uluguru ikapita upande, kisha nchi ikashuka, na ilipofika Ruvu niliona wenyeji wameanza kuvua masweta waliyovalia Dodoma.

Mlango ulipofunguka Dar, joto likaingia kabla sisi hatujatoka. Kwetu Singida upepo hauna adabu, lakini ni upepo. Huku hewa imelowa.

Nje ya stesheni kijana alikwishashika galoni langu la mafuta ya alizeti kabla sijamaliza kuangalia kushoto na kulia. "Mama, mzigo huu hauendi wenyewe." Nikamuuliza nani kamwagiza. Akacheka tu, akauliza naelekea wapi, akanitangulia mpaka kituo cha mwendokasi cha Gerezani, akanionyesha dirisha la tiketi na foleni ya Kimara, akapokea 1,000 na kurudi mbio kumuwahi mwingine. Kwa kweli bila yeye ningezunguka.

Jioni ile kila mtu wa Dar alikuwa anakwenda Kimara. Ndivyo ilivyoonekana. Ndani ya basi nilisimama mguu mmoja, galoni kati ya miguu, uso wangu kwenye kwapa la kaka mmoja mstaarabu aliyeniomba radhi mara mbili. Dirishani nikasoma majina niliyokuwa nikiyasikia redioni: Jangwani, Magomeni, Manzese, Ubungo. Pale Ubungo ndipo palikuwa na ile stendi kuu ya mikoani ambayo wengi wetu tulishukia ujanani tukaibiwa. Tangu 2021 mabasi yamehamia Mbezi.

Kutoka Kimara mwisho ni bodaboda tena, ndani ndani huko kwenye vilima. Watoto wa mdogo wangu walinipokea kwa "Shikamoo mama mkubwa!" na mikono tayari kwenye mfuko wa asali.

Alhamisi

Mdogo wangu anaamka saa kumi usiku. Sikuamini mpaka niliposikia mlango. Anafanya kazi Posta, anatakiwa kuingia saa mbili, na Posta hiyo haizidi kilomita ishirini kutoka kwake. Lakini Dar hawahesabu kilomita. Ukimuuliza mtu ni mbali kiasi gani atakujibu, "Kama hakuna foleni, dakika arobaini. Kukiwa na foleni, mwachie Mungu."

Nikaondoka naye ili nilione jiji likiamka. Saa kumi na moja kasoro, giza bado, na njia ya kwenda kituoni imeshajaa biashara. Mama wa vitumbua na taa ya chaji. Baba wa supu. Kijana anayeuza barakoa, maji na kalamu. Mwingine hauzi kitu, amesimama tu penye daladala za kwenda Mbezi akiita kwa sauti iliyokwaruzika: "Mbezi, Mbezi, Mbezi mwisho! Siti zipo, mama, siti zipo!" Siti hazikuwepo. Gari lilipojaa, konda akamtupia sarafu na kupiga bodi. Huyo ni mpiga debe. Abiria wale walikuwa wanakwenda Mbezi hata asingefungua mdomo, na konda analijua hilo vizuri. Nilimuuliza mdogo wangu kwa nini basi analipwa. "Dada, asipomlipa, kesho gari lake halijai," akasema, na hakutaka kuendelea na mjadala alfajiri ile.

Posta nilizunguka peke yangu. Pale makutano ya Samora na Azikiwe nilisimama mbele ya sanamu ya Askari, mdogo kuliko nilivyomdhania, bunduki yenye singe imeelekezwa bandarini. Aliwekwa pale mwaka 1927, mahali palipokuwa na sanamu ya Wissmann, gavana wa Kijerumani, ambayo Waingereza waliing'oa walipoiteka Dar mwaka 1916. Watu wanapita wakiangalia simu. Mimi nilisoma maandishi yaliyo chini yake, ya Kiswahili na Kiingereza. Hayamtaji askari peke yake, yanawakumbuka pia wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia, yakiwaita miguu na mikono ya jeshi. Wapagazi hao Waingereza waliwawekea kambi pale ambapo leo ni Kariakoo. Nikasema vema, kesho naenda kwenye kambi yao.

Kutoka hapo nikateremka hadi Feri. Hili soko la samaki nilistahili kuliona miaka kumi iliyopita. Kunguru wa Dar, wale wa shingo ya kijivu, hawaogopi mtu, wanatembea katikati ya ndoo kama wakaguzi. Boti zimeshusha usiku. Mnadishaji ameinama juu ya kichanja cha zege chenye fungu la vibua, anaimba bei bila kuvuta pumzi: "Kumi na mbili, kumi na mbili na mia tano, kumi na tatu kwa dada wa kilemba, tatu na mia tano, tatu na mia tano..." Dada wa kilemba alikunja pua. Ilikuwa ndiyo lugha yao, kukunja pua maana yake sitaki, kunyanyua kidevu maana yake ongeza. Fungu likaenda kwa mzee mmoja ambaye sikuona alichokifanya kabisa.

Nilimfuata samaki mmoja, kwa udadisi tu. Changu mkubwa, mwekundu. Mvuvi alimtoa kwenye boti. Mbebaji akambeba katika tenga mpaka mnadani. Mnadishaji akachukua kipande chake. Mchuuzi aliyemnunua hakufika naye mbali, hatua kama thelathini hivi, akamuuzia mama aliyevaa dera la zambarau, na bei ilikuwa imeshapanda. Mama akampeleka kwa wapara samaki: vijana wamekaa mstari mmoja, visu vifupi, magamba yanaruka mpaka kwenye nyusi zao. Kijana akampara, akampasua, akatoa matumbo, akamwosha, haikufika dakika mbili. Mwingine akauza mfuko wa plastiki. Mwingine barafu. Mama akaondoka. Watu saba walikuwa wamekula kwa changu yule kabla sufuria halijawekwa jikoni, na hatujafika kwa mwenye bajaji.

Mchana nikavuka na pantoni kwenda Kigamboni, sikuwa na shughuli huko, nilitaka kuvuka tu. Shilingi 200. Daraja lipo tangu 2016, lakini kwa mwenda kwa miguu kuzunguka kote huko ni kazi bure. Geti likifunguliwa watu wanakimbia, wazee kwa vijana, hata wenye watoto mgongoni, na mimi nikajikuta nakimbia bila kujua tunakimbilia nini. Sote tulivuka kwa wakati mmoja.

Ijumaa

Kariakoo. Nitaiandika polepole maana yenyewe haikunipa nafasi ya kupumua.

Nilishukia Msimbazi, nikaingia Mtaa wa Kongo. Kwanza ni sauti. Spika ya duka inataja bei, spika ya jirani yake inataja bei pungufu ya ile, sauti za kurekodiwa ambazo hazichoki. Halafu mikokoteni. Anayeisukuma haoni mbele, marobota yamefika juu ya kichwa chake, anatumia mdomo: "Pisha pisha, mguu huo! Mama, mgongo!" Usipopisha, kosa ni lako. Nikawakumbuka wale wa kwenye sanamu.

Sijapiga hatua kumi, kijana mwembamba amenifikia ubavuni, anatembea kwa mwendo wangu. "Dada yangu, unatafuta nini? Mashuka? Duveti? Mapazia? Twende nikupeleke kwenye bei ya stoo." Huyo ndiye winga. Nilikuwa nimeonywa niwakwepe, lakini utamkwepa mmoja, watatu wamekuja. Nikamfuata.

Alinipandisha ghorofa ya tatu kwa ngazi nyembamba, tukapita katikati ya fremu zilizogawanywa kwa mbao mpaka duka moja likawa na wenyewe wanne, kila mmoja na kikaunta chake cha urefu wa mkono. Kilichonifungua macho ni hiki: nilipouliza bei ya shuka la sita kwa sita, mwenye duka hakuniangalia mimi, alimwangalia winga. Winga akasema, "Ishirini na moja, kwa sababu ni dada yangu." Mwenye duka akatikisa kichwa, kana kwamba ndiyo kwanza anaisikia bei ya mali yake, na kweli ndiyo kwanza alikuwa anaisikia.

Mchana, baada ya swala ya Ijumaa iliyosimamisha mitaa yote kwa muda, nilimpigia simu msambazaji wangu, yule ninayemtumia hela miaka yote. Namwita bosi. Nilimwambia, bosi, leo niko mjini, nielekeze dukani. Akasita kidogo, kisha akanielekeza kwenye kona fulani karibu na Mtaa wa Mchikichi. Nilimkuta amekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, chini ya ngazi, na simu mbili na chaja ya kubebeka. Kijana wa umri wa mwanangu wa kwanza. Alinyanyuka haraka: "Shikamoo mama." Nikaitikia marahaba, nikaangalia nyuma yake nikitafuta duka. Hakuna duka. Hajawahi kuwa nalo.

Alininunulia soda, akakaa kunieleza, na sikumwona akiona aibu, wala sijui kwa nini angeona. Mwenye duka anampa bei ya winga, tuseme 18,000. Yeye anapiga picha, anaziweka kwenye simu, wateja wake wa mikoani tunachagua. Anatuuzia 21,000. Ile 3,000 ni cha juu chake. Ndani yake analipa mkokoteni, analipa anayefunga belo, anampoza mtu wa kule mabasi yanakopakia ili mzigo usilale. Mwenye duka naye amepanga kwa mtu aliyepanga kwa mtu, na ili aingie kwenye fremu ile alilipa kilemba, yaani hela ya kuachiwa nafasi, mamilioni, achilia mbali kodi. Mwenye jengo haonekani. Pengine hata mtaa wenyewe hajawahi kuukanyaga.

Usiku nilipiga hesabu. Kwa jozi sitini za mashuka, kijana anakula 180,000 yangu. Nikija mwenyewe ni treni kwenda na kurudi 62,000, basi la Singida, chakula, zawadi za watoto, nauli za hapa na pale, na duka limefungwa wiki nzima huku jirani yangu akiuza. Halafu mimi sijui duka lipi lina mashuka yanayochuja rangi yakifuliwa mara moja. Yeye anajua. Aliwahi kunikatalia mzigo kwa simu, "Mama, hizi acha," na nilidhani ananizungusha.

Kwa hiyo yuko nafuu kwangu. Lakini nilimuuliza akiumwa inakuwaje. Akasema mwezi wa nne alilala siku tano na homa, aliporudi wateja wawili wakubwa walikuwa wamepata mtu mwingine. Hana mkataba, hana bima, hana hata kibao cha jina. Hilo nitaliweka hapa kwa sababu wanaosifia ujasiriamali wa Kariakoo huwa wanaliruka.

Nikitoka nilipita kando ya soko kuu, lile lililochorwa na msanifu majengo Beda Amuli miaka ya sabini, paa lake la miavuli ya zege iliyogeuzwa juu chini. Liliungua Julai 2021, likakarabatiwa. Jengo zuri hasa, na hakuna mtu hata mmoja anayenyanyua uso kuliangalia. Ukinyanyua uso Kariakoo unagongwa.

Jumamosi

Mvua. Mvua ya Dar ikiamua, jiji linarudi mikononi mwa mto. Habari za asubuhi zilikuwa ni Jangwani tu, bonde la Msimbazi limejaa, barabara imefungwa. Tulikaa ndani tukakaanga vibua nilivyonunua Feri.

Mchana ilipokata nilitoka na mtoto kwenda dukani. Korongo la mtaani, ambalo jana nililivuka kwa viatu vyangu vya wazi, lilikuwa limekuwa mto wa rangi ya chai ya maziwa. Vijana wa mtaa walikuwa wameshatandika mbao mbili juu ya magunia ya mchanga. Shilingi 200 kupita. Nilitaka kumuuliza yule mkusanyaji nani kampa kibali, halafu nikaona mama mmoja mwenye mimba anashikwa mkono hatua kwa hatua mpaka ng'ambo. Nikalipa 400, mimi na mtoto. Mtoto akasema huwa hawalipi watoto. Kijana akarudisha 200.

Jioni shemeji akanichukua kibanda umiza kuangalia mpira, benchi za mbao, joto la tanuru, kiingilio 1,000. Yanga walikuwa wanacheza. Upande wa kulia Yanga, upande wa kushoto Simba waliokuja kuwaombea mabaya. Mimi si mtu wa mpira ila niliwaelewa wa upande wa kushoto.

Jumapili

Baada ya kanisa tulikwenda Coco Beach na watoto. Tulipitia Shekilango, na hapo nikaomba tushuke kidogo, nina sababu: soko la kuku. Matenga kwa matenga ya kuku wa kienyeji, na ukiuliza wametoka wapi, jibu ni Singida. Jogoo ambaye kijijini kwa mama yangu mnunuzi anamchukua kwa 15,000, hapa nilitajiwa 32,000. "Huyu ni wa Singida kabisa, mama, sio wa kuungaunga." Nikamwambia mimi mwenyewe ni wa Singida kabisa. Akashusha mpaka 28,000. Mama yangu, anayeamka usiku kumfukuza kicheche, ndiye mwenye kipande kidogo kuliko wote katika mnyororo ule baada ya kicheche mwenyewe. Hili bado linanikera, na nimeamua kumwambia asiuze tena bila kunipigia.

Coco Beach ni mihogo ya kukaanga, kachumbari, pilipili ya kutoa machozi, mishikaki, upepo wa bahari. Watoto wakaoga. Tulirudi kwa Daraja la Tanzanite, lile la baharini lililofunguliwa 2022. Usiku huo ndipo nilipouona ukubwa wa mahali hapa, taa hazina mwisho upande wa bara. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa wa Dar es Salaam. Mkoa wetu mzima wa Singida, na wilaya zake zote, haufiki nusu yao.

Jumatatu

Asubuhi nilirudi chini ya ngazi. Nilimkuta bosi (nimeshindwa kumwita jina lingine) anafunga belo langu yeye mwenyewe, goti juu ya robota, kamba mdomoni. Jozi arobaini kwa bei ya kumi na tisa na nusu. Tulibishana nusu saa. Yeye alianza na ishirini, mimi nilianza na kumi na nane kwa kuwa sasa naijua, na alikiri kwamba kumwonyesha mteja bei ya winga ni jambo ambalo hatalirudia. Akaandika jina langu na SINGIDA kwa maka peni, herufi zile zile ninazozipokea miaka yote.

Treni ya mchana. Dada wa kando yangu alikuwa analala kabla hatujafika Pugu. Tuliposimama Morogoro simu ikaita.

"Mama, umefika wapi?"

"Moro."

"Kuna mapazia yameshuka sasa hivi, mazito, rangi ya maziwa na ya kijani. Nakutumia picha. Wenzako wa Dodoma wameshaanza kuyagombea."

"Bei?"

"Kwako wewe, thelathini na tano."

"Ya duka ni ngapi?"

Akacheka mpaka nikasikia mkokoteni ukipiga kelele nyuma yake, pisha pisha. "Mama, jamani. Thelathini na tatu."

"Niwekee kumi," nikamwambia. "Ya kijani."